Mize, Si Mzee

Ujumbe wa kwanza uliniingia alfajiri:
"Bwana Mzee Faki, kampuni inakupongeza,
leo umetimiza miaka themanini na mbili."
Nikacheka peke yangu, uzi mdomoni,
miye mwenye arubaini na moja,
na mume wangu siku nzima akaniamkia shikamoo.

Mwezi wa pili sikucheka.
Taa yao ya jua ilizima saa tatu ya usiku,
nguo kumi na nne za Idi zinangoja cherehani,
kanzu moja ina mkono mmoja.
"Bwana Mzee, unadaiwa miezi mitano."
Deni la mtu wa Micheweni, Mzee Faki wa kweli.
Mashine imetuona wawili, ikatufanya mmoja,
na pesa zangu zinampunguzia deni
naye, masikini, hajui nani anamtendea wema.

Ofisi yao ipo Wete, juu ya duka la vyombo.
Kijana wa mezani hakuinua uso.
"Mfumo unasema wewe ni mwanamume."
Mfumo umewahi kuzaa? Miye nimezaa watatu.
"Lete barua ya sheha. Lete picha mbili.
Lete na elfu tano ya marekebisho."
Elfu tano!
Amwage maji yeye, deki nipige miye?

Njiani nikamkumbuka baba.
Alikuwa na duka Limbani, mlango mmoja,
na daftari la mkopo limefungwa kwa ugwe.
Siku alipomwandikia Bi Raya Hamad
pishi mbili za mchele badala ya moja
hakufuta kwa mate na kidole,
hakuchana ukurasa.
Alipiga mstari mmoja, mwembamba,
kosa lisomeke chini yake,
akaandika la kweli pembeni, na tarehe,
akanituma mbio, mtoto wa miaka tisa:
kamwite, aje aone.
Bi Raya hakujua kusoma.
Baba akamsomea mara mbili,
kisha akanisimamisha miye nimsomee ya tatu,
asije akawa shahidi wa nafsi yake.

Niliporudi, siku ya tatu, mezani yupo binti mwengine.
Salhiya, kasema kibandiko.
Hakuniambia nithibitishe kuwa ni mwanamke.
"Kitambulisho kinasemaje? Na nyumbani wanakuitaje?"
Akaugeuza uso wa mashine kunielekea
nikaiona ile zedi ilivyoruka mbele ya i.
Tukaandika pamoja, nikitamka, akigonga.
Akapanda juu tena: jinsia, mwaka, shehia.
Kisha akanyamaza, akajiuliza kwa sauti,
"Na hili bovu limeshafika wapi?"
Akalifuata kama mtu afuatavyo siafu hadi shimoni:
bima, wakusanya madeni, ofisi ya Unguja.
Kila mlango aliupigia simu mbele yangu,
ila alipompigia yule Mzee wa Micheweni
alitoka nje, akarudisha mlango,
maana ya Mzee si yangu kuyasikia.

Hakunitoza hata thumni.
Karatasi akanipa: lililokosewa, lililo sahihi, tarehe, saini.
Akasema, "Tumekukosea."
Hakusema, "Kulitokea hitilafu,"
kama vile hitilafu hutembea yenyewe
ikaingia madaftarini mwa watu.

Kanzu imepata mkono wake wa pili.
Jana bima wameleta bahasha, "Mpendwa Mzee";
nimeiweka chini ya sahani, Jumatatu nampelekea Salhiya,
kazi yake haijesha, na yeye ndiye aliyenambia haitokwisha mara moja.

Mume wangu, akipita nyuma ya cherehani,
bado anainama kidogo: shikamoo, Mzee.
Hilo peke yake
sitaki mtu alirekebishe.